Firigisi ya Paluku

Tangu waketi barazani kupanga chakula cha Noeli, Kahambu alikuwa amemkataa jogoo mara tatu.

Mara ya kwanza alitajwa na Plamedi, binti yake wa mwisho, aliyekuwa na daftari la shule magotini. Mara ya pili na Jérémie, kifungua mimba wake, aliyeegemea mlango na kikombe cha chai mkononi. Mara ya tatu na Kasereka, mdogo wa marehemu mumewe, aliyefika jana kutoka Mokambo, mpakani, anakouza nguo na mafuta ya kupikia. Na mara zote tatu Kahambu alitaja mapaja ya kuku yaliyogandishwa, kwa neno lilelile: "Tutapika bipaja ya frigo. Inatosha."

"Mara tatu, mama!" Jérémie akacheka. "Kama Petro kabisa. Inabakia tu jogoo alie."

Plamedi akaangua kicheko. Hata Kasereka, mtu mzito wa kucheka, alitikisika mabega. Kahambu naye alitanua midomo ili aonekane yumo, kisha akainama kuokota sakafuni kitu ambacho hakikuwapo.

Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, siku nne kabla ya Noeli, na hiyo ilikuwa Noeli ya kwanza tangu wamzike Paluku, mumewe. Mvua ya asubuhi ilikuwa imeacha madimbwi mekundu uani. Mwaka jana siku kama hii Paluku mwenyewe ndiye aliyekalia kiti alichokalia sasa Kasereka. Alikuwa mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo aliyekuja Lubumbashi na begi moja na maneno machache, na katika maisha yake yote hakuwahi kuandika orodha ya chakula cha Noeli. Aliitamka tu, na mkewe akaikumbuka. Mwaka huu hakukuwa na wa kutamka, ndipo Plamedi akaleta daftari.

"Soma pale tumefika," Kasereka alimwambia.

Plamedi akasafisha koo kama mtangazaji wa redio. "Mchele. Bukari ya unga ya mahindi ya baba mudogo, juu yeye anasema mchele ni ya bagonjwa."

"Sikusema vile. Nilisema mchele ni ya bantu benye hawana kazi."

"Sombe ya majani ya muhogo. Maharagi ya Butembo. Samaki ya kukaanga. Salade ya viazi. Na kuku. Pale kwa kuku nimeweka alama ya kuuliza."

"Ifute," alisema Kahambu. "Andika bipaja."

"Usifute," alisema Kasereka. Alisogeza kiti chake mbele, magoti yake yakakaribia ya shemeji yake. "Shemeji, unisikilize. Bantu kumi na watatu batakula kwako. Bibi yangu Espérance na batoto banashuka Jumatano. Jirani zako Papa Clément na mama Simone bamesema ndiyo. Utabawekea bipaja ya katoni? Hii ni Noeli ao ni kilio?"

"Courant inakatika kila saa. Makala imepanda bei. Jogoo inaomba masaa tatu juu ya moto."

"Makala nitanunua mimi."

"Si makala tu."

"Basi ni nini?"

Kasereka akateremsha sauti, kwa kuwa sasa alikuwa akifika kwenye lile lililomtoa Mokambo siku nne kabla ya mkewe.

"Kaka amekufa, lakini nyumba yake haikufa. Siku ile firigisi inapaswa ipate mwenyewe mbele ya bantu bote. Sijitafutii mimi, unisikie vizuri. Mimi niko na nyumba yangu kule. Mumupe huyu." Akamwonyesha Jérémie kwa kidevu. "Lakini itoke mu jogoo yenye bantu bameona miguu yake na kichwa yake. Njo vile papa yetu alifanya. Njo vile Paluku angetaka."

Jérémie aliacha kucheka. Alitazama chai yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, na tangu mazishi alikuwa akilala katika nyumba ile kama mpangaji, akiogopa hata kubadilisha kufuli la lango bila kuuliza.

Kwao, tangu Butembo hadi hapa, firigisi ya kuku haigawanywi kama nyama nyingine. Ni ya mwenye nyumba. Mke anayempelekea mumewe sahani ya kuku isiyo na firigisi amemtukana bila kufungua mdomo. Kahambu alilelewa katika desturi hiyo na akaolewa katika hiyohiyo. Kwa miaka ishirini na sita aliipasua firigisi ya Paluku mikato minne juu yake, ikafunguka kama ua kwenye mafuta ya moto, akaiweka ukingoni mwa sahani pamoja na pilipili. Na Paluku, ambaye ilikuwa yake peke yake, hakuwahi kuila peke yake. Aliimega vipande vidogo mno, akawaita watoto mmoja mmoja, akasema "Fungua," akawawekea mdomoni kama mtu anayewapa dawa. Kisha akalamba vidole na kudai kwamba wamemmalizia.

Mapaja ya friji hutoka kwenye katoni yakiwa mapaja matupu. Hayana kichwa, hayana miguu, hayana firigisi. Penye mapaja hakuna anayeuliza firigisi imekwenda wapi. Hiyo ndiyo sababu Kahambu aliyang'ang'ania. Umeme na makaa vilikuwa visingizio.

Kwa maana kulikuwa na Jumamosi moja ya mwezi wa saba.

Wakati huo Paluku alikuwa amelala kitandani kwa mwezi wa tatu. Kiharusi kilikuwa kimeua upande wake wa kulia, lakini akili ilikuwa yake, na ulimi, japo mzito, ulisema. Lori lao lilikuwa limekwama Kasumbalesa wiki ya pili, na mtu aliyekuwa akihangaika na karatasi zake za forodha alikuwa jirani yao, Clément Ntumba, Mkasai mpole aliyefanya kazi na Paluku miaka yote hiyo. Kahambu alimwalika chakula cha mchana. Jérémie alikuwa dukani, Plamedi alikuwa kwenye kwaya. Alimchinja jogoo kwa mkono wake mwenyewe, penye bomba la maji, na bomba hilo liko chini ya dirisha la chumba alicholala mgonjwa.

Alipofika kupakua, alikuwa na vyombo viwili mbele yake: sahani ya maua ya mgeni, na bakuli la plastiki la mgonjwa. Firigisi ilikuwa kwenye kijiko. Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kama mkono wake ulisita, na kila mara alikumbuka kwamba haukusita. Alijiambia kwamba Paluku hawezi kutafuna. Lakini Paluku aliweza kutafuna. Asubuhi ileile alikuwa ametafuna hindi la kuchemsha. Ukweli ni kwamba Kahambu alikuwa ameanza, bila kujua ni lini, kumwona mumewe kama mtu wa kulishwa, kufutwa na kufunikwa, mtu ambaye heshima yake inaweza kungoja kwa kuwa hana pa kwenda. Mgeni wa sebuleni ndiye angeweza kuondoka na kukasirika.

Akamwekea mgeni. Na alipoona Clément anaitazama ile firigisi kwa mashaka, akaongeza uongo juu ya kosa: "Mwenye nyumba amesema ukule hii mu nafasi yake."

Clément aliweka mkono kifuani, akainamisha kichwa kuelekea chumbani.

Kisha Kahambu alibeba bakuli, akaingia kwa mumewe, akamfunga kitambaa kifuani. Paluku alitazama ndani ya bakuli.

"Firigisi iko wapi?"

"Leo ni bipaja ya frigo, baba Jérémie. Haina firigisi."

Paluku aligeuza macho, akatazama dirisha. Ni dirisha lile ambalo asubuhi hiyo, chini yake, jogoo alikuwa amepiga kelele hadi alipokatwa koo. Kahambu alilikumbuka hilo akiwa tayari amekwisha kusema, wakati neno halirudi tena.

"Bon," alisema Paluku, neno lake la kukubali. Akafungua mdomo, akalishwa, akamaliza chote.

Alikufa siku ya tisa baada ya hapo, mwezi wa nane ulipoanza, kiharusi kilipomrudia. Katika siku zile tisa hakuomba tena kitu chochote. Hata maji aliyangoja mpaka mtu ayakumbuke.

"Hodi! Bantu ba hii nyumba, muko nagombana juu ya kula? Sauti inafika ku barabara."

Ilikuwa Mama Simone, mke wa Clément, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa sauti kubwa na mkono mwepesi wa kutoa. Alipita lango bila kungoja kujibiwa, akakaa kando ya Kahambu kwenye benchi na kumpiga paja.

"Karibu, mama Simone," alisema Kasereka. "Umekuja wakati wake. Huyu shemeji yangu anataka kutulisha bipaja."

"Bipaja? Ahaa, hapana! Mimi nimeletwa na neno ya jogoo." Akanyanyua kidole kama yuko darasani kwake. "Bwana yangu amesema jogoo ya Noeli ni yetu. Amesha kuinunua. Toka juzi iko mu cuisine yangu, inaniharia mu sufuria, mimi nasema chinja, yeye anasema hapana, ile ni ya Papa Paluku. Anataka aje nayo ku mukono, ichinjwe hapa, na firigisi yake apewe Jérémie."

Kasereka alipiga makofi mara moja. "Umeona? Clément Mkasai anajua, na wewe Mnande wa Butembo unasahau!"

"Kwetu Kasai ni vilevile, papa. Lakini si juu ya desturi tu," alisema Simone, na sauti yake ikalainika. "Ni juu ya kile Papa Paluku alimufanyia."

"Alimufanyia nini?" aliuliza Jérémie.

Simone alimtazama Kahambu kwa mshangao. "Haukubaambia?"

Kahambu alitikisa kichwa. Alijua kinachokuja, na alitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Palikuwa na benchi, na mkono wa Simone juu ya paja lake, na watoto wake wawili waliogeuza nyuso.

Basi Simone akasimulia. Alisimulia vizuri, kama mtu aliyeisikia habari ile mara nyingi akiwa mezani kwake. Jinsi Clément alivyokuja kula. Jinsi mgonjwa, ambaye hakuweza kuketi, alivyotuma firigisi yake kutoka kitandani ipewe mgeni. Jinsi alivyoita kwa sauti kutoka chumbani, "Kula, ndugu yangu, mi na we ni kitu kimoja." Clément alirudi nyumbani siku ile, akakaa kitandani na viatu miguuni, hakusema neno mpaka jioni. "Aliniambia: Simone, mwanaume wenye anatoa firigisi yake akiwa mu kitanda ya ugonjwa, ule ni mwanaume."

Kahambu alisikia kwamba hadithi ilikuwa imeota matawi ambayo yeye hakuyapanda. Hakuna aliyeita kutoka chumbani.

Kasereka alivua miwani. Alijifuta macho kwa kiganja, bila kuona haya. "Njo yeye," alisema. "Njo Paluku kabisa. Tulipokuwa batoto alikuwa anagawanya hata muiba wa samaki."

"Papa alifanya vile?" alisema Jérémie. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa namna ambayo Kahambu hakuiona tangu mwezi wa nne. "Na mimi nilikuwa naona amekwisha. Mama, nilikuwa naogopa hata kuingia mu chumba yake, nilikuwa naona si yeye. Kumbe alikuwa yeye."

"Siku ya Noeli, mbele ya sala, nitaisema mimi," alisema Kasereka. "Batoto basikie. Plamedi, andika."

Plamedi alikuwa tayari anaandika, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo. Alifuta ile alama ya kuuliza, akaandika kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini: JOGOO WA PAPA.

Hakuna aliyekuwa akimshtaki Kahambu. Mlango ulikuwa wazi, angeweza kupita na kuufunga nyuma yake milele. Marehemu angepata sifa, mwana angepata baba, mgeni angeleta jogoo wake. Alifikiri: nani ataumia? Na alikuwa karibu kabisa kujibu, hakuna, wakati Simone alipomkumbatia bega na kusema kwa upole wa kweli:

"Na wewe pia, mama Jérémie. Bibi mwingine angeificha, angemulisha bwana yake kwa siri. Wewe ulimutii. Ulimupa mugeni heshima ya bwana yako na ulinyamaza. Mungu ameona."

"Hakusema ile neno," alisema Kahambu.

Walidhani wamesikia vibaya.

"Paluku hakutuma kitu. Hakuita. Mi njo nilisema vile kwa Papa Clément. Mi njo nilitoa firigisi yake."

Mkono wa Simone ulibaki begani, ila ukawa mzito, kama mkono uliosahauliwa.

"Juu ya nini?" aliuliza Kasereka.

"Juu ya lori. Juu mugeni alikuwa amekaa mu salon na Paluku alikuwa mu kitanda."

"Na papa?" Ilikuwa sauti ya Jérémie. "Papa ulimupa nini?"

"Kipaja. Na mchuzi."

"Hakuuliza?"

Hapo angeweza kusema hakuuliza. Alimtazama mwanawe, akaona kwamba akisema hivyo ataaminiwa. "Aliuliza. Nilimwambia ni bipaja ya frigo. Na jogoo nilikuwa nimeichinja chini ya dirisha yake asubuhi. Alikuwa amesikia."

"Alisema nini?"

"Alisema: bon."

Kasereka alirudia neno hilo taratibu, "Bon," kama mtu anayeonja kitu kujua kama kimeharibika. Alivaa miwani yake, akaivua tena.

"Kila Jumapili nilikuwa napiga simu," alisema. "Kila Jumapili ulikuwa unaniambia: anakula vizuri, baba mudogo, usihangaike."

"Alikuwa anakula."

"Mimi sikusema hakula!" Sauti yake ilipanda, ikakatika. Alisimama, akashuka uani, akaenda penye bomba, akafungua maji na kunawa mikono ambayo haikuwa michafu. Alinawa muda mrefu, mgongo umewageukia.

Jérémie aliweka kikombe chini kwa uangalifu mwingi. Akapita kati yao, akatoka langoni.

Simone naye aliinuka. Alijifunga upya kitenge chake kiunoni, mara mbili, kama mtu asiyejua afanye nini na mikono. "Kwetu, mwanaume wenye amekula firigisi ya mugonjwa..." alianza, akaiacha. "Sasa nitamwambia nini bwana yangu?"

"Umwambie vile nimesema."

Alikwenda bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikwenda polepole, akikwepa madimbwi, kama mtu anayetoka hospitalini.

Barazani wakabaki mama na binti na daftari.

"Nifute?" aliuliza Plamedi.

"Sijui."

Plamedi akalifunga daftari. "Papa alikukasirikia?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Angenikasirikia ingekuwa afadhali."

Mchana ule hakuna aliyekula pamoja na mwenzake. Kasereka alijilaza sebuleni, uso umeelekea ukuta. Kahambu alikuwa akichambua mchele uani, mchele wa Noeli, akitoa vijiwe ambavyo vingeweza kutolewa hata Jumatano, alipoona kivuli kimesimama kando ya ungo. Ilikuwa yapata saa kumi. Alikuwa Clément, katika shati lake la kanisani, mikono mitupu.

Kahambu alisimama, mchele ukamwagika kidogo. "Papa Clément. Unisamehe. Nilikulisha kitu ya mwenyewe, na uongo juu yake."

"Ngoja, mama. Usiniombe radhi."

"Lazima niombe. Umetembea na ile neno miezi tano, ukiiheshimu..."

"Ngoja, nimesema." Alikuwa mtu asiyeinua sauti, na sasa pia hakuiinua, ila alitazama pembeni, penye ukuta wa jirani, kama anasoma humo. "Nyumba yenu haina plafond chini ya mabati. Sauti inapita juu ya ukuta. Wewe ulipoingia kwake, nilisikia akiuliza. Firigisi iko wapi. Nilisikia jibu yako pia."

Kahambu alimtazama.

"Ilikuwa mu mudomo yangu," alisema Clément. "Bado nzima. Ningeitoa. Ningesimama na sahani, niingie, niseme, Paluku, bibi yako amechanganya, hii ni yako. Tungecheka. Ni hatua ngapi pale, mama? Hatua sita? Nilimeza."

Mahali fulani nyuma ya ukuta mtoto alikuwa akipiga debe. Clément aliendelea, haraka kidogo, kama anayeogopa kwamba akisimama hataanza tena.

"Jioni Simone aliniuliza mbona nimenyamaza. Nilikosa cha kusema, nikamwambia Paluku amenipa firigisi yake. Ikawa nzuri. Kila siku nilipoisema, niliongeza. Njo mimi niliweka pale aliniita ndugu. Ku mazishi nilibeba jeneza upande ya mbele, unakumbuka? Bantu banasema, angalia urafiki. Ile jogoo nilinunua juu nilifikiri nikiileta hapa, nikimupa mutoto wake mbele ya bote, ile nilimeza itaniisha mu koo."

Kahambu alitarajia kwamba mzigo ungepungua kwa kuwa na mwenzake. Alingoja upungue. Haukupungua. Ila sasa alijua jambo ambalo hakulijua asubuhi: kwamba siku ile Paluku aliulizia kitu chake katika nyumba yenye watu wawili waliomsikia, na mmoja alimdanganya, mwingine akameza. Na huenda, akiwa amelala pale na masikio yake mazuri, alijua hata hilo.

"Noeli hatutakuja," alisema Clément. "Nitamwambia Simone ukweli leo. Lakini kwenu sitakuja kukaa ku meza."

Kabla Kahambu hajajibu, lango lililia. Jérémie alikuwa amerudi. Viatu vyake vilikuwa vyekundu hadi kwenye vifundo. Inaonekana alikuwa ametembea mbali. Alimwona Clément, akamsalimu kwa kichwa, akataka kupita kwenda ndani.

"Jérémie," mama yake alimwita. Alishangaa kusikia sauti yake imetulia. "Kaa hapa. Papa Clément iko na neno ya kukwambia."

Clément alimgeukia Kahambu kwa macho ya kuomba. Kahambu hakumsaidia. Alitamani kuingia jikoni, awaache wawili, asiisikie mara ya pili. Alibaki amesimama na ungo wake.

Basi Clément akaisema tena, fupi kuliko mara ya kwanza, bila jeneza na bila jogoo. Aliishia kwenye zile hatua sita. Mlangoni Kasereka alikuwa amesimama, shati limekunjamana kwa kulala, na haikujulikana amesikia kuanzia wapi.

Jérémie akauliza, si kwa ukali, bali kama mtoto anayetaka kujua tu:

"Ilikuwa tamu?"

"Sijui, mwanangu. Sikuionja. Nilimeza tu."

"Alikuwa anapenda na pilipili," alisema Jérémie. Akajifuta pua kwa mgongo wa mkono. Alimtazama baba yake mdogo mlangoni, kama anayengoja kuambiwa la kufanya, na Kasereka akamtazama yeye, akangoja pia. Mwishowe Jérémie aligeukia barazani.

"Plamedi! Leta ile daftari."

Plamedi akaja mbio, kalamu sikioni.

"Andika bipaja."

"Bipaja?" Plamedi alimtazama mama yake, kisha baba yake mdogo.

"Nimesema andika. Mwaka huu firigisi hakuna. Hakuna wa kuipewa, mimi pia sitaki kuipewa. Mwaka mwingine tutaona." Safari hii hakuuliza mtu. "Na Papa Clément anakuja. Na mama Simone. Atakaa pale tutakaa, atakula kile tunakula. Ile jogoo yenu, papa, mubakie nayo."

Kasereka alishuka ngazi, akaketi kwenye ile ya mwisho. "Mwenye nyumba amesema," alisema polepole, na hakukuwa na mzaha ndani yake.

"Bipaja ngapi?" aliuliza Plamedi.

Wote wakamgeukia Kahambu, kwa kuwa hesabu ya sahani katika nyumba ile ilikuwa yake. Alikuwa amepata alichokitaka tangu asubuhi. Mapaja ya katoni, yasiyo na kichwa wala swali. Alijaribu kuwahesabu watu, Espérance, watoto wa Espérance, Clément, Simone, akafika kumi na wanne. Akarudia, kwa kuwa kila mara alikuwa akianza kuhesabu kwa Paluku. Macho yake yalikuwa ndani ya ungo, kwenye mchele, na hakuweza kuyainua.

"Kumi na tatu," alisema. "Ongeza moja. Kuna mutu atataka mbili."